Bikoni haijapotea, imefukiwa: ninavyoitafuta kwa detekta

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Buyuni, nimepiga magoti kwenye shamba la mihogo, mkono umezama shimoni hadi kiwiko, mzee mmoja akaja akasimama juu yangu. Nikamwamkia. "Marahaba," akaitikia, akaikodolea macho detekta ya metali iliyolala kwenye nyasi, kisha akashusha sauti. "Mwanangu, kama ni rupia za Mjerumani, shamba hili la marehemu kaka yangu. Msinidhulumu."

Nikamwambia natafuta bikoni, ile alama ya zege ya kona ya kiwanja. Hakuniamini. Nilipomwonyesha kile kichwa cha zege chenye kipande cha nondo katikati, alikaa kimya kidogo, akauliza chini yake kuna nini. Sikumlaumu. Ukitembea na detekta mitaani Dar es Salaam, kila mtu anajua unatafuta nini, na jibu ni hela. Hata hilo neno hela tumelipata kwa Mjerumani huyohuyo, kutoka sarafu yake ya heller.

Mimi ni fundi sanifu wa upimaji. Nilisoma Chuo cha Ardhi Morogoro, na huu ni mwaka wa 14 nabeba vyombo nyuma ya mpima. Simu nyingi tunazopigiwa siku hizi si za kupima kiwanja kipya. Ni mtu anataka kuanza msingi, ramani anayo, hati anayo, fundi ameshateremsha tofali, ila bikoni hazionekani. Wengi ni wale wa mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002: Buyuni, Tuangoma, Kibada, Mwanagati, Mbweni. Walinunua, wakaonyeshwa bikoni zao, wakaondoka. Miaka 20 baadaye wanarudi wanakuta mihogo, kichaka, kifusi cha jirani, na barabara iliyochongwa na greda mara tatu.

Bikoni haitembei yenyewe. Mara nyingi iko palepale, sentimita 20 au 50 chini ya miguu yako. Nitaeleza tunavyoipata, maana nimeona watu wakichimba kiwanja kizima kama wanapanda migomba.

Karatasi kwanza

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuwasha mashine mapema mno. Detekta haijui bikoni. Inajua kwamba kuna metali, basi, na ardhi ya mjini imejaa metali. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulipunguza eneo la kutafuta mpaka liwe dogo kama mkeka.

Ukitegemea simu peke yake, hata mahali peupe, hesabu kwamba inaweza kukosea mita 5 hivi kila upande. Duara la nusu kipenyo cha mita 5 lina karibu mita za mraba 80. Humo ndani utakuta visoda mia. Tena kuna mtego mwingine: koodineti, yaani namba za kuonyesha mahali, za kwenye ramani nyingi za upimaji za huku kwetu ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, kanda ya 37 kusini, wakati simu inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukiziingiza namba hivihivi bila kubadilisha, simu itakupeleka karibu mita 300 kutoka kiwanja chako. Nimewahi kumkuta kijana wa watu amechimba mashimo manane kwenye kiwanja cha mtu mwingine kabisa, mtaa wa pili, na simu yake inamwambia amefika.

Futi kamba ndiyo rafiki. Tafuta kwanza bikoni zinazoonekana, zako au za jirani, kisha pima kutoka hapo kwa vipimo vya kwenye ramani. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30 chenye kona za mraba. Bikoni mbili za barabarani zinaonekana, tuziite A na B. Unatafuta C, ya nyuma, upande wa B. Kutoka B hadi C ni mita 30. Kutoka A hadi C, kwa kukatisha kiwanja, ni mita 36.06. Mtu mmoja akae A na futi kamba yake, mwingine akae B na yake, wewe wa tatu shika tepu zote mbili, ile ya B kwenye 30, ile ya A kwenye 36.06, urudi nyuma mpaka zote zikaze. Zinapokutana mkononi mwako, chomeka kijiti. Usichomeke nondo wala msumari, utakuja kuisikia mwenyewe.

Tepu iwe imenyooka na imelala sawa. Ikipinda kwenye mashina ya mihogo au ikiteremka bondeni, inakudanganya, na itakudanganya kwa kukurudisha karibu kuliko kweli. Katika shamba la yule mzee tulilazimika kumwomba atupe nafasi ya kupitisha kamba kati ya matuta mawili. Alikubali, ila alitufuata hatua kwa hatua.

Ukipima vizuri, duara lako linakuwa la nusu mita kila upande. Hapo hata mita moja ya mraba haifiki. Sasa washa mashine.

Mashine gani

Ziko za aina mbili zinazofaa kazi hii, na hazifanani tabia.

Ya kwanza ni ile ya sahani, ambayo wengi wameiona kwa wachimbaji wa dhahabu. Ndani ya sahani kuna koili ya waya inayotuma uga wa sumaku ardhini. Metali yoyote iliyo karibu, iwe chuma, shaba au alumini, inajibu, na koili inasikia jibu hilo. Tatizo ni kwamba nyingi zimetengenezwa kwa watu wanaotafuta sarafu na pete, na watu hao chuma hawakitaki, kinawapotezea muda. Kwa hiyo ukiiwasha ikiwa kwenye mpangilio wa kiwandani, mara nyingi inachuja chuma. Itapita juu ya nondo yako kimya, kama bodaboda aliyeona trafiki. Zima uchujaji, iweke kwenye hali ya metali zote. Hili nalirudia kila ninapomwazima mtu mashine, na bado nusu saa baadaye ananipigia kusema imeharibika.

Ya pili ni fimbo ya sumaku, ile ambayo wapima wa Marekani wanatembea nayo. Schonstedt ndiyo jina kubwa. Ni fimbo ndefu yenye vihisio viwili, kimoja chini karibu na ncha na kingine juu yake kama nusu mita. Inalinganisha nguvu ya sumaku kati ya hivyo viwili. Haitumi kitu ardhini, inasikiliza tu, na inasikia chuma peke yake. Kopo la alumini hailioni, waya wa shaba haiuoni. Kwa nondo iliyosimama wima, hakuna kinachoishinda: mlio unapanda, unapanda, unafika kilele juu ya kichwa cha nondo, unashuka. Nondo iliyolala inatoa vilele viwili, kimoja kila mwisho, katikati ikinyamaza. Ukisikia hivyo, hiyo si bikoni, ni chuma cha fundi kilichosahaulika. Ubaya wake ni kwamba karibu na fensi ya mabati au gari lililoegeshwa inalia kama ina wazimu.

Sisi tunatumia ya sahani zaidi, kwa sababu ndiyo tuliyonayo. Ya sumaku tunaiazima. Halafu nina kirungu kidogo, kilekile wanachokupapasia walinzi mlangoni benki. Hicho hakifai kutafutia, ila ukishachimba shimo, ukakiingiza ndani, kinakuambia chuma kiko ukuta upi wa shimo. Kimeniokolea magoti yangu.

Kuna vitu vya tatu, navitaja ili usivinunue: vile vidude vyenye antena moja au mbili zinazozunguka zenyewe mkononi, vinavyouzwa kwa hadithi kwamba vinanusa dhahabu umbali wa kilomita. Havifanyi kazi. Uingereza mwaka 2013 mfanyabiashara mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kuuza vidude vya namna hiyo nchi za nje kama vigunduzi vya mabomu, na asili yake ilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Watu walipitishwa kwenye vizuizi vya barabarani Iraq kwa kuamini antena ile. Kwetu hapa vinauzwa kwa wale wanaotafuta mali za Mjerumani.

Kabla ya kupitisha sahani

Vua pete na saa. Weka simu mbali, funguo mbali. Buti zenye bati mbele uziache nyumbani. Kila ukipiga hatua sahani inakusalimia. Chepe na mtaimbo viwe angalau mita tatu nyuma yako. Betri ziwe mpya. Betri ikichoka mashine haizimi palepale, inaanza kwanza kusema uongo, mlio unapanda na kushuka wenyewe.

Kisha isawazishe na udongo. Tafuta mahali pasipo na metali, inua na kushusha sahani kama unayepiga pampu ya maji, mpaka mlio utulie usipande wala kushuka. Mashine nyingine zinafanya zenyewe ukibonyeza kitufe, nyingine unazungusha kidude kwa mkono. Mchanga wa Kibada ni mpole, unasawazisha mara moja unasahau. Udongo mwekundu na moramu ya barabarani ni mgomvi, kwa sababu wenyewe una madini ya chuma. Hapo punguza usikivu kidogo, usitake mashine isikie mpaka kuzimu. Ufukweni, kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi, nako inalalamika. Usijaribu kushindana nayo, punguza.

Halafu jambo ambalo sikufundishwa chuoni, nililigundua mwenyewe baada ya kuaibika sana: nenda kwenye ile bikoni inayoonekana, A au B, upitishe sahani juu yake mara kumi. Sikiliza. Bikoni za upimaji mmoja kwa kawaida zimetengenezwa na watu walewale, kwa nondo ileile na zege lilelile. Ukishaujua mlio wa dada mtu, wa mdogo wake hautakupotea. Kama hakuna inayoonekana, chukua kipande cha nondo ya milimita 12 kama cha sentimita 40, kizike wima, ujizoeze kwa hicho.

Hedifoni vaa. Ziwe zozote. Upepo wa Kigamboni na redio ya dukani vinakula ile milio midogo, na ni midogo ndiyo unayoitafuta.

Kupitisha, na kusikiliza

Sahani itembee sentimita mbili au tatu juu ya ardhi, bapa, kutoka kushoto hadi kulia. Watu wengi wanafanya kama wanafyeka: katikati iko chini, pembeni wanainyanyua. Ile ya pembeni ni hewa mnapima. Kwanza fyeka majani kwa kweli, uyatoe, ndipo upitishe sahani. Kila mpito uingiliane na uliopita kwa nusu ya sahani. Taratibu, kwenda na kurudi nahesabu moja, mbili, tatu. Anza kwenye kijiti, jaza mkeka wa mita mbili kwa mbili, kisha geuka, upite tena kwa kukatiza ule mwelekeo wa kwanza. Usipopata, panua hadi mita nne kwa nne. Usipopata tena, usiendelee kupanua. Rudi kwenye futi kamba, umekosea kupima.

Sasa milio. Kisoda kinatoa mlio mfupi wa kukwaruza, na ukiinua sahani sentimita 10 kinapotea. Msumari unapasukapasuka, ukipita upande huu unalia, ukigeuka unanyamaza. Bati lililozikwa lina mlio mpana, unaanza kusikia mapema na unachelewa kuisha, unadhani umepata gari. Waya wa kufungia nondo, ule mwembamba, ni adui yangu mkubwa kuliko wote: mafundi wanauacha kila mahali, umejikunja, na unaweza kulia vizuri kabisa. Nondo ya bikoni inalia sehemu moja tu. Ukija kutoka kaskazini ni pale, ukija kutoka mashariki ni palepale. Ukiinua sahani kidogo mlio unapungua lakini haukimbii. Chora msalaba ardhini kwa kidole: mstari wa kwanza pale mlio unapokuwa mkubwa ukienda kushoto na kulia, wa pili ukienda mbele na nyuma. Makutano ndiyo hapo.

Kama eneo limejazwa kifusi kirefu, sema nusu mita na zaidi, usiitegemee sahani isikie mpaka chini. Ondoa tabaka la sentimita 20 eneo lote la mkeka, pitisha sahani, ondoa jingine, pitisha tena. Inachosha, ila ni mita nne tu za mraba. Kule Mwanagati tulishusha matabaka matatu. Tabaka la kwanza lilitoa visoda 11, misumari, kijiko, na betri mbili za redio zilizooza. La pili, mpini wa sufuria. La tatu lilipoisha mashine ikalia ule mlio, na mwenye kiwanja, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo anatutazama tangu asubuhi, akasimama kabla hata sijasema kitu.

Kuchimba bila kuiua

Usichimbe juu ya msalaba. Chimba kando yake, sentimita 30 hivi, ushuke, kisha uingie kwa ubavu ukikwangua kwa mwiko wa fundi. Mtaimbo ukitua juu ya kichwa cha bikoni unavunja zege au unaisogeza, na bikoni iliyosogea ni mbaya kuliko iliyopotea. Ingiza kile kirungu shimoni kila baada ya muda, kikuambie kushoto au kulia. Ukigusa kitu kigumu, weka mwiko chini, tumia brashi kuukuu ya rangi. Zege likionekana, usilitingishe, usilivute, usilisafishe mpaka chini. Unahitaji kuona kichwa, nondo, na namba kama ipo. Basi.

Wakati mwingine mashine inakaa kimya kabisa na vipimo viko sawa. Hapo waulize watoto wa mtaa kuhusu wanunuzi wa chuma chakavu. Nondo za bikoni zinang'olewa na kuuzwa kwa kilo, na zege linabaki bubu. Detekta haitakusaidia kitu. Tumia nondo nyembamba ya milimita 8 iliyochongwa ncha, uichome ardhini taratibu kila baada ya sentimita 20, ukisikiliza kwa kiganja. Mzizi unarudisha mkono kama springi. Jiwe linatelezesha ncha pembeni. Zege linagonga, linakataa, na ukichoma sentimita 10 pembeni linakataa tena kwa kina kilekile. Usichome hivi mahali penye nguzo ya umeme ambayo waya wake umeshuka chini, wala karibu na mita ya maji. Bomba la plastiki detekta hailioni, na mwenye bomba atakuona.

Hapa nisimame kwenye jambo moja zito. Mabomu ya ghala la jeshi yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Watu walikufa, na vyuma viliruka hadi kwenye makazi ya watu. Tuangoma iko jirani na Mbagala. Njia ya kwenda Buyuni inapita Gongo la Mboto. Wanajeshi walisafisha, lakini mimi nikiwa pande hizo nikifukua chuma laini cha mviringo, kizito, chenye pua iliyochongoka au mapezi mkiani, sikigusi, sikigeuzi, sikipigi picha ya karibu. Naacha vyombo vyangu palepale, nawarudisha watu nyuma, namwita mwenyekiti wa mtaa na polisi. Kijana wangu wa tepu alinicheka siku ya kwanza. Ilikuwa mtungi mdogo wa gesi. Nitaufanyia hivyohivyo na wa kesho.

Nikiwa Morogoro nilikuwa nawaona panya buku wa shirika la APOPO wakifundishwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) kunusa baruti. Panya hajali visoda. Ananusa kilipuzi chenyewe, chuma kikavu anakipita. Nikiwa nimefukua kisoda cha 30 huwa nawawazia kwa wivu sana.

Umeipata? Pima tena

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakiona zege na nondo wanapiga vigelegele, wanamwita fundi aanze kuchimba msingi. Ngoja. Mlio ulikuambia kuna chuma, macho yamekuambia kuna zege. Hakuna aliyekuambia kwamba hiyo ni bikoni yako na kwamba iko mahali pake.

Miaka michache nyuma tulipata bikoni moja safi sana. Mlio mmoja, katikati ya msalaba, kina cha sentimita 25 tu. Namba ilisomeka. Mwenye kiwanja alishaanza kunishukuru. Bosi wangu akaniambia nyoosha tepu. Kutoka B ilitakiwa iwe mita 30. Ikaja 27.40. Nikapima tena, nikidhani nimeikanyaga kamba. 27.40. Tukarudi tukaitazama vizuri: imeinama kidogo, na udongo wa pembeni yake laini, wenye vipande vya tofali, wakati hatua mbili pembeni ardhi ilikuwa ngumu isiyoguswa. Mtu alikuwa ameing'oa na kuizika upya, mita mbili na nusu na ushee ndani ya kiwanja cha mwenzake. Jirani alikuwa amesimama dirishani kwake muda wote huo.

Kwa hiyo ukiipata, ipime kutoka bikoni mbili, ikiwezekana tatu. Ikipishana kwa sentimita chache, hiyo ni tepu. Ikipishana kwa nusu mita, simamisha kazi. Usiirudishe mwenyewe hata kama unajua ilipotakiwa kuwa, na hata kama jirani amekubali kosa mbele ya mwenyekiti. Kung'oa au kusogeza alama ya upimaji ni kosa kisheria, na kuirudisha ni kazi ya mpima aliyesajiliwa, kwa koodineti, na kwa maandishi. Piga picha, fukia kidogo, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri yako.

Ikiwa iko sawa, mimi huwa nafanya hivi. Namwita mwenye kiwanja aione kwa macho yake, na jirani anayepakana naye aione pia, wote wawili wakiwa wamesimama hapo. Napiga picha ya namba kwa karibu, kisha picha nyingine kwa mbali, mwembe au nguzo ikionekana. Natoka kwenye vitu vitatu visivyohama, kona ya nyumba, nguzo ya umeme, kisima, napima umbali hadi kwenye bikoni na kuuandika nyuma ya nakala ya ramani. Chokaa kidogo juu ya kichwa. Kipande cha mnyaa nakipanda hatua moja kutoka hapo, upande wa ndani, si juu yake. Mizizi nayo inasukuma.

Na visoda vyote tulivyofukua, misumari, waya, hata vijiko, navitia kwenye mfuko wa saruji mtupu na kuondoka navyo. Yule mzee wa Buyuni alinisindikiza hadi kwenye pikipiki, akaomba afungue mfuko atazame ndani. Nikamfungulia. Akachambua mpaka chini, akachukua kijiko, akaniambia hicho ni cha kwao.